Nyumba ya kijijini Uingereza: watu bila karatasi, karatasi bila watu

Kila mara tunapofungua simu katika kipindi cha mambo ya ardhi, msikilizaji mmoja atauliza hivi: kwa nini wandugu zetu waliofika Ulaya wananunua nyumba na kulala usingizi, na sisi huku tunanunua parseli leo, kesho anatokea mtu mwingine na karatasi yake anasema ni ya kwake? Swali hilo linaulizwa na wenye nyumba mjini. Lakini linaulizwa zaidi na watu waliohama vita, ambao hata hawajui kama shamba waliloacha kijijini lingali linaitwa lao.

Nataka kulijibu kwa mfano wa mbali kidogo. Sichukui London. Nachukua kijiji kidogo cha Uingereza, kile cha nyumba hamsini au mia moja, kwa sababu wengi wetu ni watu wa vijiji. Mtu akituuliza tunatoka wapi, hatutaji avenyu na namba. Tunataja mlima, mto, kanisa, jina la shefu. Kijiji cha Waingereza nacho kiko hivyo: kanisa la mawe la miaka mingi na makaburi pembeni, baa moja, labda duka moja, labda shule ndogo, na mashamba ya ng'ombe na kondoo kuzunguka.

Wasikilizaji wamezoea kusema kwamba kule hakuna shida ya ardhi. Mimi nasema ilikuwako, tena kubwa, na nyingine iko mpaka leo. Lakini ukiangalia jinsi kijiji cha Uingereza kinavyonunuliwa, jinsi kilivyonyang'anywa zamani, na jinsi kinavyokufa sasa, utaona kitu ambacho sisi waliohama vita tunapaswa kukijua kabla hatujarudi makwetu.

Tuanze na ununuzi.

Ukipenda nyumba ya kijijini kule, unapitia ajansi ya nyumba. Huyo ni kama komisionere wetu, ila analipwa na muuzaji peke yake. Huku kwetu mara nyingi anaomba kwa pande zote mbili. Mkikubaliana bei, usifurahi bado. Katika sheria ya Uingereza, mapatano ya mdomo juu ya nyumba hayamfungi mtu. Muuzaji anaweza kukuacha wiki ya nane na kumkubalia mwingine aliyeongeza pesa, na wewe pia unaweza kuondoka. Watu wengi wanalia kwa sababu hiyo, kwa maana wamekwisha kulipa gharama.

Gharama hizo ni za nini? Ni za kuuliza. Mnunuzi anachukua avoka wake, muuzaji wake. Avoka wa mnunuzi anauliza ofisi ya serikali ya mtaa kama kuna barabara itakayopita hapo au amri yoyote juu ya nyumba hiyo. Anauliza juu ya maji, mifereji na mafuriko. Mahali palipochimbwa makaa ya mawe, anauliza kama chini ya nyumba kuna mashimo ya zamani. Fundi mkaguzi anapanda mpaka darini kuangalia mbao na unyevu wa kuta. Kijijini maswali yanaongezeka: je, choo kinaingia katika bomba la wote au katika shimo lako mwenyewe? Je, nyumba inapashwa joto kwa mafuta yanayoletwa na lori, kwa kuwa bomba la gesi halifiki? Je, njia ya kufikia mlango ni yako au ni ya jirani?

Majibu yote yakitoka, kila upande unatia sahihi nakala yake ya mkataba, na avoka wanabadilishana nakala. Siku hiyo mnunuzi anatoa akonti, kwa kawaida asilimia 10 ya bei. Hapo sasa mmefungwa. Ukikimbia, akonti yako inapotea. Baadaye inafika siku ya mwisho: pesa iliyobaki inatoka kwa avoka kwenda kwa avoka kupitia banki, na funguo zinatolewa. Hakuna mfuko wa dola unaohesabiwa mezani mbele ya mashahidi wawili waliopewa soda. Kazi yote mara nyingi inachukua miezi mitatu au zaidi.

Lakini hata funguo si mwisho. Avoka analipa kodi ya ununuzi kama inadaiwa, kisha anapeleka maombi katika ofisi ya taifa ya kuandikisha ardhi, ambayo ilianzishwa mwaka 1862. Pale jina la mwenye nyumba linabadilishwa katika daftari. Daftari la kila nyumba lina sehemu tatu: ya kwanza inaeleza mali yenyewe pamoja na ramani, ya pili inataja mwenyewe, ya tatu inataja madeni na vizuizi, kwa mfano deni la banki. Na tangu mwaka 1990 daftari hilo liko wazi. Mtu yeyote, hata asiye na undugu na mwenye nyumba, anaweza kulipa pauni chache na kusoma nani anamiliki nini. Kama ofisi yenyewe ikikosea na mtu akapata hasara, sheria inaweka fidia.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili. Tangu sheria ya mwaka 2002 ianze kutumika, ofisi hiyo haimpi mtu tena cheti cha kuweka sandukuni. Daftari lenyewe ndilo hati. Nyumba ikiungua na kila kilichomo, umiliki hauungui. Nawaomba walioacha karatasi zao ndani ya nyumba zilizochomwa wasome tena sentensi hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wengi wananipinga. Huku kwetu tunapenda kusema kwamba tatizo letu ni sheria ya Julai 1973, ile inayosema udongo wote ni mali ya Dola, na raia anapewa haki ya kuutumia tu. Sikubaliani. Kwa sheria ya zamani ya Uingereza, ardhi yote nayo chimbuko lake ni la Mfalme. Mwenye nyumba kule ana haki ya kudumu inayouzwa na kurithiwa, lakini juu kabisa ya ngazi liko taji. Tena hata mwenye nyumba hiyo hafanyi anavyotaka. Kama nyumba yake imewekwa katika orodha ya majengo ya historia, akibadilisha dirisha bila ruhusa anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai. Kama njia ya miguu ya watu wote inapita katikati ya shamba lake, haruhusiwi kuifunga. Paa la nyasi, ambalo huku kwetu ni alama ya umaskini, kule linaweza kulindwa na sheria, na nyumba yenyewe ikauzwa ghali.

Kwa hiyo tofauti haiko katika neno «Dola» wala «Mfalme». Iko katika daftari: kwamba linafika mpaka kijijini, linasomwa na wote, na halimo mfukoni mwa mkubwa fulani. Nalo halikujengwa siku moja. Kutoka 1862 mpaka Desemba 1990 ndipo kuandikisha kukawa lazima kwa kila ardhi inayouzwa katika nchi nzima ya Uingereza na Wales. Ni miaka 128. Mpaka leo kuna ardhi ambayo haijaandikwa, mara nyingi kwa kuwa haijauzwa tangu wakati huo.

Na kabla daftari halijafika, wanakijiji wa Uingereza waliumia. Zamani kila kijiji kilikuwa na ardhi ya pamoja. Maskini alichunga ng'ombe wake pale, akaokota kuni, akalima kipande chake kwa desturi, kama sisi tunavyolima kwa ruhusa ya shefu au kwa kalinzi ya mwami katika Bushi. Kati ya mwaka 1604 na 1914, Bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi hizo na kuzigawa kwa wenye mali. Eneo lililoguswa ni zaidi ya moja ya tano ya nchi ya Uingereza. Aliyekuwa na karatasi alipata fungu. Aliyekuwa na desturi tu, mara nyingi alipata kidogo au hakupata kitu, akaenda kuwa kibarua au akaingia mjini.

Hata juzi juzi, katika wakati wa babu zetu, kuna vijiji vilivyohamishwa. Katika jimbo la Wiltshire kuna kijiji kinaitwa Imber. Tarehe 1 Novemba 1943, wakati wa vita kuu, watu wake waliitwa mkutanoni na kuambiwa wana siku 47 za kuondoka, kwa sababu jeshi linahitaji mahali pa kufundishia askari. Katika jimbo la Dorset, kijiji cha Tyneham kilipewa amri kama hiyo, na wakaaji wake, watu karibu 225, waliondoka Desemba ya mwaka huohuo. Wa Tyneham waliacha barua mlangoni mwa kanisa, wakiomba askari walitunze kanisa na nyumba zao, kwa maana siku moja watarudi.

Hawakurudi. Vita viliisha mwaka 1945, jeshi likabaki. Mwaka 1961 watu wengi waliandamana mpaka Imber kudai kijiji, uchunguzi ukafanywa, na jeshi likapewa haki ya kuendelea. Leo kanisa la Imber linafunguliwa siku chache tu kwa mwaka. Nyumba nyingi za Tyneham ni kuta bila mapaa, na wageni wanaenda kutembea pale siku ambazo jeshi halifanyi mazoezi ya kupiga mizinga.

Kwa nini walishindwa? Nchi hiyo ilikuwa na mahakama, na magazeti, na ofisi ya ardhi ya tangu 1862. Walishindwa kwa sababu wengi wao walikuwa wapangaji. Sehemu kubwa ya ardhi ya Imber ilikuwa imekwisha kununuliwa na wizara ya vita kabla ya 1943. Tyneham ilikuwa mali ya familia moja yenye shamba kubwa. Mtu aliyezaliwa pale, baba yake kazikwa pale, hakuwa na jina popote. Wapangaji wa Tyneham walilipwa thamani ya mboga zilizokuwa bustanini. Mboga! Hao ndio watu bila karatasi.

Lakini msikilizaji asidhani namaliza kwa kusema «tafuteni karatasi». Kuna upande wa pili, na vijiji vya Uingereza vinauonyesha leo.

Katika vijiji vya pwani ya Cornwall, na vya milimani kaskazini, nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa mijini kwa ajili ya likizo. Karatasi zao ni safi kabisa. Lakini majira ya baridi madirisha hayana taa. Shule inakosa watoto, basi linapunguza safari, duka linafunga. Kijana aliyezaliwa pale, mtoto wa mvuvi au wa mchunga kondoo, hawezi kushindana na pesa ya London. Nyumba ya wastani Uingereza inakaribia pauni 300,000, na banki haimkopeshi kibarua kiasi hicho. Anahama kijiji chake bila risasi hata moja kupigwa.

Wanakijiji hawakunyamaza. Mwaka 2016, watu wa mji mdogo wa St Ives huko Cornwall walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga walikubali mpango unaosema nyumba mpya ziwe za wakaaji wa kudumu. Tangu Aprili 2025, serikali za mitaa zinaruhusiwa kumtoza mwenye nyumba ya pili kodi ya mwaka mara mbili. Mahali pengine wanakijiji wamechanga pesa wakanunua duka au baa yao ili isifungwe. Na kila mahali penye baraza la kijiji, raia anaweza kuingia mkutanoni na kusikia kinachosemwa juu ya barabara, makaburi na nyumba mpya.

Nasema hivi pia kwa ajili ya wandugu zetu walioko kule. Kati ya 2004 na 2020, Uingereza ilipokea Wakongomani wengi waliokuwa wakimbizi katika nchi jirani, kwa mpango ulioitwa Gateway. Walipelekwa Sheffield, Norwich, Hull, Bolton na kwingine. Wengine leo wanatafuta nyumba, na wanaona vijiji vizuri nje ya mji. Kwao nina maneno machache. Kijijini bila gari utateseka, basi linaweza kupita mara chache kwa siku na Siku ya Mungu lisipite kabisa. Kununua nyumba hakumpi mtu viza, kwa hiyo asikudanganye mtu anayekusanya pesa kwa familia akisema «nyumba itatuletea karatasi za kukaa». Anayenunua akiwa anaishi nje ya Uingereza analipa kodi ya juu zaidi. Na ukinunua, ingia kanisani au baani, nenda mkutanoni, salimia jirani. Daftari litakutaja kuwa mwenye nyumba. Kuwa mtu wa kijiji ni kazi nyingine, na inachukua miaka.

Turudi sasa kwetu sisi tuliohama. Sisi tuko kama watu wa Imber: tuna makaburi, tuna mipaka tunayoijua kwa miti na mawe, tuna majirani wanaotukumbuka, lakini wengi hatuna jina katika daftari. Sheria ya 1973 ilisema amri ya Rais ingekuja kupanga ardhi za kimila. Makumi ya miaka yalipita bila amri hiyo. Na sheria hiyohiyo iliweka kwamba hati ya kuandikishwa ikikwisha kufikisha miaka miwili, haishambuliwi tena. Sasa nauliza: nani kati yetu hajapitisha miaka miwili nje ya kijiji chake? Mtu mwenye pesa anaweza kuandikisha kilima chako wakati wewe unapanga mstari wa unga, na siku utakaporudi utaambiwa umechelewa.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba katika teritware zilizokimbiwa na watu, kusitolewe hati mpya ya ardhi mpaka wenyewe warudi na kusikilizwa. Tena nakala za vitabu vya ardhi ziwekwe mbali na vita, na ziwe wazi kwa raia. Hilo ni la viongozi, na tutaendelea kuwauliza hewani.

Lakini kuna ambalo ni letu, na halihitaji pesa nyingi. Mwenye fishi ya parseli, au risiti ya kalinzi, au karatasi ya shefu, aipige picha na kuituma kwa ndugu wawili walio mbali. Asiye na karatasi, achukue daftari la mtoto la shule aandike: shamba langu liko mahali fulani, juu napakana na fulani, chini na fulani, upande wa mto na fulani, nililipata kwa baba au kwa kununua, mwaka fulani, mbele ya fulani. Na wale majirani, kama wako hapa hapa katika familia zinazotupokea, watie sahihi au kidole. Jina la mama liandikwe, na majina ya watoto yatima yaandikwe, kwa kuwa wao ndio wanaosahauliwa kwanza. Karatasi hiyo si hati ya serikali, msidanganyike. Lakini mbele ya shefu au jaji, ni bora kuliko kusema «wote wanajua».

Na tafadhali, msiuze mashamba kwa bei ya njaa kwa watu wanaokuja na dola chache na kusema kule hakuna atakayerudi. Watu wa Imber walipewa siku 47, na hawakuulizwa kitu. Sisi mara nyingi tunaulizwa, na tunatia kidole wenyewe.

Shefu wa zamani wa kila kijiji angali anakumbuka mipaka. Mzee huyo hatakaa milele. Mkimaliza kusoma au kusikiliza maneno haya, mtafuteni popote alipohamia, mkae naye, na mmoja wenu awe na kalamu.